Taa ya Breki Inayowaka Ikijisikia

Hebu jiweke nyuma ya usukani wa lori. Ni alfajiri, umetoka Newala na unashuka ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea Masasi. Kuna ukungu, barabara ni ya vumbi, na mbele yako kuna taa mbili ndogo nyekundu za gari linalokwenda taratibu. Ghafla ya kushoto inazimika na ya kulia inang'aa zaidi. Taa moja nyekundu: pikipiki hiyo, unajiambia. Imekaa katikati ya barabara, kushoto kwake pako wazi. Unaingia kushoto.

Hakukuwa na pikipiki. Kulikuwa na Land Rover ya mjomba wangu, imejaa magunia ya korosho, binamu yangu amekaa juu ya magunia na mimi niko kiti cha mbele. Taa ya kushoto ilizimika kwa sababu mjomba alikuwa amekanyaga breki. Soma tena sentensi hiyo, maana ndiyo itakayotushughulisha leo. Siyo kwamba alikanyaga na taa ikagoma kuwaka. Taa ilikuwa inawaka vizuri, akakanyaga, ikazimika.

Dereva wa lori aliwahi. Bampa lake lilichana gunia la mwisho, korosho zikamwagika barabarani, na binamu yangu aliruka akachubuka goti. Tuliokota korosho kwa mwanga wa tochi na hakuna aliyezungumza hadi Masasi. Ilikuwa 2009, mimi niko sekondari, na sikujua kwamba swali lile lingenifuata hadi chuo kikuu.

Cha kuudhi ni kwamba gari lilikuwa limeshapita gereji tatu kwa ajili ya taa hiyo hiyo. Ya kwanza ilibadilisha balbu. Ya pili ilibadilisha swichi ya breki. Ya tatu ilibadilisha taa nzima ya kushoto, na pesa ilikuwa nyingi. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: fundi anasema "Kanyaga, mzee," mjomba anakanyaga, taa inawaka, pesa inatoka mfukoni. Siku mbili barabarani, ugonjwa umerudi. Kila aliyewahi kuwa na gari, redio au simu anaujua ugonjwa wa namna hii. Ukiupeleka kwa fundi unajificha, ukitoka nao nje unacheka.

Kabla sijakuambia nani aliutibu, turudi nyuma kidogo, kwa sababu tatizo lile lilikuwa limeanza kutengenezwa zamani sana, na sehemu yake kubwa haikutengenezwa Newala.

Tuanze na taa yenyewe. Taa ya breki ni kifaa cha ajabu kidogo, kwa kuwa mwenye gari haioni ikifanya kazi. Ni ujumbe kutoka mguu wa mtu mmoja kwenda jicho la mtu mwingine, na mtumaji hana namna ya kujua kama umefika. Karibu mwaka 1914, mwigizaji wa filamu za kimya wa Marekani, Florence Lawrence, aliweka nyuma ya gari lake kibao kilichoinuka alipokanyaga breki, kikiwaambia wa nyuma kwamba anasimama. Hakukisajili kama uvumbuzi wake na hakupata kitu. Taa ya umeme ilichukua nafasi ya vibao, na kufikia 1928 majimbo 11 ya Marekani yalikuwa yameifanya lazima.

Je, inaokoa watu kweli? Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alichapisha matokeo ya jaribio lake kwenye teksi za San Francisco. Teksi 343 zilifungwa taa moja ya ziada nyuma, na ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa takriban asilimia 60. Serikali ya Marekani ikalazimisha taa ya tatu, ile ya juu katikati, kwa magari madogo mapya ya kuanzia modeli ya 1986. Baada ya madereva kuizoea, wakaguzi wa serikali walipima tena wakakuta punguzo la kudumu ni kama asilimia 4.3. Napenda namba hizi mbili zikae pamoja, maana nyingi tunazosoma ni ile ya kwanza tu. Hata hivyo asilimia 4 ya ajali zote za kugongana nyuma katika nchi nzima si mchezo. Na kumbuka hapo tunazungumzia taa ya tatu. Binamu yangu alikuwa nyuma ya gari lililobaki na moja.

Sasa tuangalie njia ya umeme. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi iliyo karibu na pedeli, halafu unasafiri kwenye waya mrefu hadi nyuma ya gari na kuingia kwenye balbu. Wengi tunaishia hapo. Lakini umeme si kama maji tunayopandisha Newala, kwamba yakifika kwenye ndoo safari imekwisha. Lazima urudi betri, la sivyo hautoki kabisa. Na katika gari njia ya kurudi kwa sehemu kubwa haina waya wake. Ni mwili wa gari lenyewe, ambao mafundi wanauita ethi, au kwa kifupi "bodi". Balbu inagusa soketi, soketi inagusa kasha la taa, kasha limefungwa kwa skrubu kwenye bodi, bodi imefungwa kwa bolti kwenye chasisi, na chasisi ina waya mnene unaorudi betri. Hesabu viungio hivyo. Nusu nzima ya safari inategemea vitu vilivyobanwa tu.

Jambo moja zaidi, ulishike mkononi hadi mwisho. Balbu ya nyuma ya gari kama lile ina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa wati 5 kwa ajili ya taa ya usiku, mwingine wa wati 21 kwa ajili ya breki. Kila uzi una mlango wake wa kuingilia. Mlango wa kutokea ni mmoja.

Skrubu iliyozaliwa vitani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa viwandani kwa mgao wa serikali. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vinatengeneza ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Kampuni ya Rover ikafanya lililowezekana: bodi ya aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Mgao wa chuma ulikwisha miaka michache baadaye lakini muundo ukabaki. Gari la mjomba, la miaka ya 1970, lilikuwa bado linabeba uamuzi ule wa wakati wa shida.

Kwa habari ya kutu ya kawaida uamuzi ulikuwa mzuri. Ndiyo maana magari yale bado yapo. Kwa habari ya umeme ulileta balaa la polepole. Alumini na chuma zikigusana penye unyevunyevu, hasa wenye chumvi, zinageuka betri ndogo, na katika betri hiyo inayoliwa ni alumini. Inakuwa unga mweupe. Unga huo ni wa ukoo wa oksidi ya alumini, kitu ambacho kinazuia umeme vizuri kiasi kwamba kauri nyeupe ya plagi za injini ya petroli inatengenezwa kwa hicho hicho. Yaani gari lilikuwa linajitengenezea kizuizi cha umeme, polepole, mahali pale pale ambapo umeme ulitakiwa upite. Na kabla mjomba hajalinunua, gari lile lilikuwa limefanya kazi miaka mingi Mtwara mjini, kwenye hewa ya chumvi.

Waingereza wenyewe walikuwa na mtu wa kumlaumu. Joseph Lucas wa Birmingham alianza kwa kuuza mafuta ya taa, na moja ya taa zake za baiskeli iliitwa Mfalme wa Barabara. Kampuni aliyoiacha ilikuja kusambaza umeme wa magari mengi ya Uingereza, na wenye magari wakambatiza jina jipya: Mkuu wa Giza. Utani mzuri, ila nadhani ni wa kumwonea. Ukifungua taa ya Land Rover ya zamani utaona waya za Lucas bado zimeshikilia rangi zake. Wa taa ya breki ni kijani wenye mstari wa zambarau, na mara nyingi hauna kosa lolote. Kosa liko pale waya unapoishia na bati linapoanza.

Misumari mitatu

Ukisimama Masasi ukatazama milima yake ya mawe, Mtandi na wenzake, unaona jinsi inavyochomoza mmoja mmoja kutoka kwenye ardhi tambarare. Chukua mandhari hiyo, ipindue kichwa chini, uiweke juu ya mandhari nyingine kama hiyo. Vitagusana vilele vichache tu. Kwingine kote ni hewa. Vipande viwili vya metali vilivyofungwa kwa skrubu viko hivyo, hata kama kwa macho ni laini kama kioo. Umeme wote unapita kwenye vile vilele. Ragnar Holm, Mswidi aliyefanya kazi kwenye kampuni ya Siemens huko Berlin na baadaye Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hilo moja, na kitabu chake kuhusu miguso ya umeme, toleo la 1967, bado kinasomwa na wahandisi wa viungio.

Lakini swali lenyewe ni la zamani kuliko gari. Mwaka 1876 Edward Steere, yule yule wa sarufi ya Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakaanzisha makazi chini ya milima hiyo ya Masasi. Miaka miwili baadaye, London, David Edward Hughes alikuwa anacheza na misumari. Aliweka misumari miwili sambamba, akaiunganisha na betri na kipokezi cha simu, kisha akalaza msumari wa tatu juu yake bila kuukaza. Mtu akizungumza karibu, misumari inatetemeka kidogo, mguso unabadilika, mkondo wa umeme unabadilika nao, na sauti inasikika kwenye kipokezi. Hughes alikiita kifaa hicho maikrofoni. Watu walisimuliana kwamba kwa kifaa chake unaweza kusikia nzi akitembea.

Umeona alichofanya? Alichukua kiungio kilicholegea, kitu ambacho fundi yeyote angekikaza, akakigeuza sikio. Mwaka 1890 Édouard Branly, Paris, alijaza unga wa chuma kwenye bomba la kioo. Unga haukupitisha umeme hadi cheche iliporushwa karibu, hapo ukapitisha. Ukiligonga bomba kwa kidole, unaacha tena. Redio za mwanzo, za Marconi zikiwemo, zilipokea ishara kwa bomba la namna hiyo, na zilikuwa na kinyundo kidogo cha kuligonga kila mara ili liwe tayari kwa ishara inayofuata.

Kwa hiyo lile kofi ambalo fundi anaipiga taa yako nyuma ya gari, na taa ikawaka, lina historia ya heshima. Kinachotokea kinafanana. Kati ya vilele vya metali kuna utando wa oksidi. Ukiwa mwembamba, volti za betri zinaweza kuutoboa na kujenga daraja dogo la metali, na taa inawaka kana kwamba haijawahi kuumwa. Kofi linasogeza vilele hadi vinapata mahali pasafi pa kugusana. Shida ni kwamba kilichojengwa kwa kofi kinabomolewa na shimo la kwanza barabarani. Gereji tatu zile hazikumdanganya mjomba. Waliona taa inawaka kweli. Waliuona mguso ukiwa kwenye siku yake nzuri.

Barabara kama bati

Nani anatengeneza huo utando? Hewa na unyevu, ndiyo. Lakini mwenye kazi kubwa ni mtetemo. Mwaka 1911 Waingereza watatu, Eden, Rose na Cunningham, waliandika kuhusu unga wa kahawia walioukuta kwenye vishikio vya mashine yao ya kupima uchovu wa vyuma, mahali ambapo hakuna kitu kilichokuwa kinazunguka wala kuteleza kwa macho. Mwaka 1937 John Almen wa maabara ya General Motors alieleza kisa kinachonifurahisha zaidi: magari mapya yaliyopakiwa kwenye treni kutoka Detroit yalikuwa yanafika yanakokwenda na beringi za magurudumu zimeharibika. Hayajatembea hata mita moja! Yalikuwa yamesimama tu, yakitikiswa na treni. Vyuma viwili vikisuguana kwa hatua ndogo kuliko unene wa unywele, tena na tena, vinakwangua kila utando unaojitokeza, metali mpya inakutana na hewa, inaota utando mpya, nao unakwanguliwa. Mwisho pale penye mguso panajaa unga. Kwenye beringi unga huo unakula chuma. Kwenye kiungio cha umeme unafunga njia.

Sisi tulikuwa na treni yetu. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa mapema 1951, ulituachia reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, jirani ya Masasi. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Tangu hapo kila gunia la korosho na kila mfuko wa saruji wa kusini umesafiri kwa gari. Na hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa na kivuko, na mvua za masika zikishika, hapakuwa na barabara ya kuzungumzia. Spea ilikuwa kitu cha kusubiri. Nafikiri ndiyo maana mafundi wazee wa kwetu walijifunza kutafuta kosa badala ya kubadilisha kitu kizima. Hawakuwa na kitu kizima cha kubadilishia.

Barabara ya juu ya uwanda ilikuwa mchanga, na penye udongo mgumu ilikuwa na mikunjo kama bati la migongo. Tufanye hesabu ya haraka. Mgongo hadi mgongo ni kati ya nusu mita na mita moja. Ukienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, unapata mitikisiko 10 hadi 20 kila sekunde. Saa mbili za namna hiyo ni mitikisiko zaidi ya 70,000. Hiyo ni safari moja. Fikiria skrubu moja ya taa ya kushoto, kati ya alumini na chuma, ikiwa na chumvi ya Mtwara ndani yake, miaka 30.

Chini ya mwembe

Gereji ya nne haikuwa na ukuta. Ilikuwa kivuli cha mwembe pembeni ya Masasi, mzee mmoja na kijana anayejifunza. Mjomba alianza kueleza kwamba balbu ni mpya na swichi ni mpya. Mzee akamkatiza kwa upole.

"Ndugu yangu, vipya tuviache. Ilizimika lini? Mzigo ulikuwepo? Taa kubwa ulikuwa umewasha?"

Mjomba hakujua. Dereva haoni taa zake za nyuma. Mzee akauliza nani alikuwa nyuma. Ndipo binamu yangu, ambaye kwa wiki zote hizo hakuna mtu aliyemuuliza kitu, akasema: "Shikamoo babu. Mimi nilikuwa naiona. Usiku ikiwaka inawaka vizuri. Mjomba akikanyaga, ndiyo inazima."

"Marahaba. Basi hiyo haijafa," mzee akasema. "Imekosa pa kutokea."

Kijana alikuwa na multimita mpya, ya namba, anaionea fahari. Alitoa balbu, akagusa waya wa breki na kasha la taa, mimi nimekanyaga pedeli. Mita ikasoma volti 12 na kitu. "Ethi nzima hii, babu," akasema. Mzee hakubishana. Alichukua balbu ya wati 21 iliyounganishwa na nyaya mbili, akagusa pale pale. Balbu ikatoa wekundu hafifu kama kaa linalokufa. Binamu akatikisa bodi ya gari. Ikawaka kabisa, ikafifia, ikawaka, ikazima.

Hapa msomaji tulia kidogo, maana hapa ndipo nilipoupenda umeme. Mita na balbu viliuliza swali moja na kupata majibu tofauti, na vyote viwili vilisema kweli. Multimita za kawaida za namba zina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 10. Kwa volti 12 inachukua mkondo wa kama sehemu moja ya milioni ya ampea. Mkondo mdogo hivyo unapita kwenye kiungio kibovu bila kupoteza chochote; hata kiungio kikiwa na omu 1,000, mita bado itakuambia 12. Balbu ya wati 21 inadai ampea 1.75. Kiungio cha omu 3 tu kinatosha kuinyima sehemu kubwa ya volti zake, na balbu haipungui mwanga kwa uwiano: ikipata volti 8 badala ya 12, inabaki na kama robo ya mwanga. Ni kama daraja la miti. Kuku akipita haikuambii lolote kuhusu ng'ombe.

Siyo kwamba mita haina kazi. Mzee alimwonyesha kijana namna ya kuiuliza vizuri: rudisha balbu, pedeli ikiwa imekanyagwa, gusa mguu mmoja wa mita kwenye kasha la taa na mwingine kwenye hasi ya betri. Njia ya kurudi ikiwa nzima utasoma karibu sifuri, maana hakuna kinachopotea njiani. Ilisoma zaidi ya 10. Volti karibu zote za betri zilikuwa zimekaa kwenye kasha, zinasubiri njia.

Sasa lile fumbo la mwanzo utalitegua mwenyewe. Mlango wa kutokea umeziba. Usiku, taa zikiwa zimewashwa, umeme unaingia kwenye uzi wa wati 5. Haupati mlango, basi unapita kinyumenyume kwenye uzi wa breki wa balbu hiyo hiyo, unafuata waya wa breki hadi taa ya kulia, na unatokea kwenye ethi ya kulia ambayo ni nzima. Nyuzi za breki ni nene na zikiwa baridi hazina ukinzani wa maana, kwa hiyo taa ya kushoto inawaka karibu kama kawaida. Ukilizunguka gari kuangalia, utaridhika. Kisha unakanyaga breki. Waya wa breki nao unapata volti 12. Pande zote mbili za njia ile ya kukopa sasa ziko sawa, na umeme hauendi palipo sawa. Taa inazima kabisa.

Mzee alifungua skrubu. Chini yake kulikuwa na unga mweupe, na pembeni wa kahawia, umejaa kama kwenye kisanduku cha ugoro. Akasugua kwa msasa hadi alumini ikang'aa, akapaka grisi upesi kabla hewa haijafanya kazi yake, akafunga. Halafu hakuiamini. Akavuta waya mpya kutoka kasha la taa moja kwa moja hadi chasisi, akasugua pale pia, akaweka washa yenye meno inayouma chuma, akafanya vivyo hivyo upande wa kulia ambao haukuwa na tatizo. Alitoza chini ya bei ya balbu moja.

Nisikudanganye kwamba kila taa inayojisikia ni ethi. Uzi wa balbu uliokatika unaweza kugusana tena ukitikiswa. Waya unaweza kukatika ndani ya plastiki yake, nje ukauona mzima, hasa panapopinda kwenye mlango wa nyuma. Land Rover za zamani kidogo kuliko ya mjomba zilikuwa na swichi inayosukumwa na presha ya mafuta ya breki, na swichi hiyo ikichoka, breki ya upole haiiwashi ila ya hofu inaiwasha. Taa zote mbili zikikosa pamoja, anzia mbele: fyuzi na swichi. Ikikosa moja tu, anzia nyuma, pale pale ilipo. Na ukitaka kuujua ugonjwa unaojificha, rudisha mazingira yake: mzigo uleule, taa zilezile zikiwa zimewashwa, mtu anatikisa, mtu anakanyaga, na mtu wa tatu amesimama nyuma anaangalia.

Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande, na magari mengi yanayopita juu yake sasa ni ya Japani yenye taa za LED, ambazo zinawaka takriban sehemu mbili za kumi za sekunde mapema kuliko balbu ya uzi. Kwa gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 3, karibu urefu wa Land Rover ya mjomba. Lakini nayo LED inarudisha umeme wake kupitia skrubu.

Mjomba bado analo gari lile. Kabla ya kuteremka anasimama Newala, anawasha taa zote na kutuma mpwa mmoja nyuma. Siku hizi si mimi. Anakanyaga mara tatu, na mtoto anatakiwa kujibu mara tatu, kila taa kwa jina lake: kushoto, kulia.